Maharage ya kuoka ya Kikajuni yenye nyama, kwa watu 25 hadi 30

Maharage ya kuoka ya Boston, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ni maharage, molasi (shira nyeusi inayobaki baada ya kutengeneza sukari ya miwa) na kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi, basi. Kusini mwa Louisiana mambo ni mengine. Wakajuni, wazao wa Wafaransa wa Acadia ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka pwani ya mashariki ya Kanada ya leo mwaka 1755, huanza sufuria ya maharage kama wanavyoanza vyakula vyao vingi: mafuta ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, kisha kitunguu maji, seleri na pilipili hoho ya kijani. Utamu huja baadaye, na ukali hufuata nyuma yake. Kinachotoka kwenye oveni ni chakula kizito cha kuwekwa kando ya mbavu za kuchoma na saladi ya viazi, iwe ni Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, Mardi Gras, sherehe ya kabla ya Kwaresima, au siku ambayo ukoo mzima umekutana.

Mapishi haya hayana ugumu, ila yana mpangilio, na ukiuvunja utaonja makosa yako. Maharage lazima yawe yameiva kabisa kabla hayajakutana na nyanya, siki na shira. Na ladha ya Kikajuni hujengwa kwenye ukoko wa chini ya sufuria, hatua kwa hatua. Haitoki kwenye kichupa cha viungo vilivyochanganywa kiwandani.

Mahitaji

Kiasi hiki hutoa takriban kilo 6.5. Kama ni chakula cha pembeni, kinatosha watu 25 hadi 30; kama ndicho chakula chenyewe pamoja na mkate wa mahindi, hesabu watu 15 hivi.

Maharage: kilo 1.2 ya maharage meupe madogo, makavu. Aina kubwa kidogo, nyeupe na bapa, inafaa pia, ila huiva haraka zaidi na kupasuka kwa urahisi.

Nyama: soseji ya andouille gramu 700, nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 700, bekoni nene gramu 400.

Mboga: vitunguu maji vikubwa 4 na kimoja cha ziada cha kuchemshia maharage, seleri mabua 6, pilipili hoho za kijani 3, kitunguu saumu punje 10.

Mchuzi: nyanya ya kopo iliyo nzito gramu 150, tomato sosi mililita 400, shira ya miwa mililita 250, sukari ya kahawia gramu 100, haradali ya chembechembe vijiko 4 vya chakula, sosi ya Worcestershire vijiko 3 vya chakula, siki ya tufaha mililita 80.

Viungo: paprika vijiko 2 vya chakula, thaimu kavu kijiko 1 cha chakula, pilipili manga nyeusi vijiko 2 vya chai, pilipili manga nyeupe kijiko 1 cha chai, kayeni, yaani pilipili kali nyekundu ya unga, kijiko 1 na nusu cha chai, majani 4 makavu ya laureli.

Chumvi haina kipimo hapa kwa sababu maalumu, tutaifikia.

Neno kuhusu soseji na shira

Andouille ya Louisiana ni nyama ya bega la nguruwe iliyokatwa vipande vikubwa, ikatiwa kitunguu saumu na pilipili, kisha ikafukizwa moshi mpaka ikawa ngumu na nyeusi kwa nje. Ukiikata unaona vipande vya nyama, huoni ujiuji. Andouille ya Ufaransa ina jina hilohilo lakini hutengenezwa kwa utumbo na ina harufu nyingine kabisa, usiitumie hapa. Ukikosa ile ya Louisiana, chukua soseji yoyote ya nguruwe yenye moshi mwingi na nyama iliyosagwa kwa ukubwa, uongeze punje mbili za kitunguu saumu. Soseji laini za kifungua kinywa hazifai: hazina moshi, na baada ya saa moja ndani ya oveni zinakuwa kama sponji.

Kama kuna wageni wasiokula nguruwe, pika trei yao kwa soseji ya ng'ombe iliyofukizwa moshi na nyama ya bata mzinga ya moshi badala ya bekoni. Nyama ya bata mzinga haitoi mafuta ya kutosha, kwa hiyo anza na vijiko 4 vya mafuta ya kupikia. Tumia sufuria na mwiko tofauti tangu mwanzo, maana kutenga trei mwishoni hakumsaidii mtu aliyekatazwa nguruwe.

Shira ya miwa ndiyo inayoyapa maharage haya utamu wake wa Louisiana. Ile maarufu zaidi, Steen's, imekuwa ikipikwa katika mji wa Abbeville tangu 1910. Ni juisi ya miwa iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, na haina ule uchungu wa molasi. Ukilazimika kutumia molasi, weka mililita 120 tu na uongeze sukari ya kahawia gramu 100 nyingine. Ukimwaga molasi mililita 250 kama ilivyo, utapata maharage meusi yenye uchungu wa dawa.

Usiku wa kuamkia mapishi: kuloweka

Chambua maharage, toa mawe na yaliyokunjamana. Yaloweke kwenye lita 4 za maji yenye gramu 60 za chumvi, sawa na gramu 15 kwa kila lita, kwa saa 8 hadi 12. Wengi wameonywa kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu. Ukweli ni kinyume: sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalisiamu na magnesiamu kwenye ganda, ganda linalainika, na maharage yanaiva bila kupasuka. Jikoni kukiwa na joto, weka chombo kwenye friji, kwani maharage yaliyolowekwa huanza kuchacha na kutoa povu. Asubuhi mwaga maji hayo na suuza.

Kuchemsha

Weka maharage kwenye sufuria na maji mapya yanayoyazidi kwa sentimita 5, kitunguu kimoja kilichokatwa nusu na majani ya laureli. Yachemke kwa nguvu dakika 10, kisha punguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu. Kuanzia hapo ni dakika 60 hadi 90. Moto mkali hauyaharakishi, unayagonganisha tu na kuyachubua maganda.

Jinsi ya kujua yameiva: chukua maharage machache kwa kijiko na yapulizie. Ganda likijikunja na kubanduka, yako karibu. Kisha onja matano au sita kutoka pande mbalimbali za sufuria, kila moja peke yake, ukilibana kati ya ulimi na kaakaa. Yote yasagike bila kutafunwa na yasiwe na chembe ya unga katikati. Likiwepo moja tu gumu, endelea kuchemsha. Usijiambie kwamba oveni itamalizia, kwa sababu haitamalizia: asidi ya nyanya na siki huimarisha kuta za chembe za maharage, na kalisiamu iliyomo kwenye shira na molasi hufanya vivyo hivyo. Maharage yanayoingia kwenye mchuzi huo yakiwa nusu-mabichi yatakaa saa 4 kwenye joto na bado yatakuwa yanagonga meno. Hili ndilo kosa linaloharibu trei nyingi kuliko mengine yote.

Yakigoma kuiva baada ya saa 2, ama ni maharage ya zamani sana, ama maji yako yana madini mengi. Robo kijiko cha chai ya soda ya kuokea kwa sufuria nzima inasaidia. Zaidi ya hapo utasikia ladha ya sabuni.

Yakiiva, yaache ndani ya maji yake mpaka uyahitaji, kisha yachuje na uhifadhi lita 2 za maji hayo. Yana wanga na ladha, na ndiyo yatakayofanya mchuzi ushike. Kitunguu na majani ya laureli vitupe.

Ukiamua kutumia ya kopo, unahitaji makopo 12 ya gramu 400, yaliyochujwa na kusuuzwa, na badala ya maji ya maharage tumia supu ya kuku isiyo na chumvi. Makopo ya maharage yenye nyama ya nguruwe na sosi tamu yanatumika sana Marekani kwa shughuli za haraka, lakini yana sukari tayari. Ukiyatumia, ondoa sukari ya kahawia yote na nusu ya shira.

Kama umebadilisha na kuchukua maharage mekundu makubwa, zile dakika 10 za kuchemka kwa nguvu ni lazima, na dakika 30 ni salama zaidi. Yana sumu ya lektini ambayo hufa kwa mchemko halisi. Moto mdogo wa sufuria ya umeme ya kupikia polepole hauiui.

Kuunga: hapa ndipo ladha inapotengenezwa

Tumia sufuria nzito yenye chini nene, ya lita 10 hadi 12. Sufuria nyembamba itaunguza kabla haijatengeneza ukoko.

Kata nusu ya bekoni, gramu 200, vipande vya sentimita 1 na uiweke kwenye sufuria ikiwa bado ya baridi. Washa moto wa wastani. Kuanza na ubaridi kunayapa mafuta muda wa kuyeyuka kabla nyama haijakauka. Baada ya dakika 10 hivi vipande vitakuwa vya kahawia na vyenye kuvunjika. Vitoe, acha mafuta.

Kata andouille nusu duara za unene wa sentimita 1. Zikaange kwa mafungu, ziwe safu moja, dakika 4 au 5 kila fungu, mpaka upande mmoja uwe wa kahawia iliyokolea. Zitoe. Sasa weka nyama ya kusaga, ikandamize iwe bapa, na uiache bila kuigusa kwa dakika 4. Hapa ndipo watu hukosa subira. Wakianza kuivuruga mapema, maji yanatoka, nyama inachemka badala ya kukaangika, na inakuwa ya kijivu isiyo na ladha. Subiri usikie mlio ukibadilika, kutoka kububujika kwa maji hadi kuchachatika kwa mafuta. Hapo igeuze na uivunje kwa mwiko. Ikiwa kahawia kote, itoe. Chini ya sufuria sasa pana ukoko wa rangi ya chokoleti. Huo ni mali. Ukiwa mweusi na unanuka kuungua, futa sufuria na uanze upya kwa mafuta mapya, maana uchungu wake hauondoki kwa sukari.

Mwaga mafuta ya ziada ubaki na vijiko 4 vya chakula. Soseji, bekoni na nyama kwa pamoja hutoa mafuta mengi kuliko unavyodhani, na usipoyamwaga yataelea juu ya trei kama dimbwi la rangi ya chungwa.

Tia vitunguu, seleri na pilipili hoho, vyote vikiwa vimekatwa kwa ukubwa wa harage. Kusini mwa Louisiana vitatu hivi huitwa Utatu Mtakatifu, na uwiano wake si wa sheria, ila kitunguu ndicho huzidi. Nyunyiza chumvi kidogo sana vitoe maji. Maji hayo ndiyo yanayolegeza ukoko: kwangua chini kwa mwiko wa mti mpaka sufuria iwe safi na mboga ziwe na rangi ya kahawia. Dakika 12 hadi 15 kwenye moto wa wastani. Seleri isiyoiva hapa itabaki ngumu mpaka mwisho, kwa sababu ileile iliyotajwa kwenye maharage.

Kitunguu saumu kilichopondwa, dakika moja. Nyanya ya kopo, dakika 3 hadi 4, ukikoroga, mpaka igeuke kutoka nyekundu angavu hadi rangi ya tofali. Paprika, thaimu, pilipili manga zote mbili na kayeni, dakika moja tu. Ukali wa kayeni huyeyuka kwenye mafuta na kusambaa sawasawa, lakini paprika ikikaa zaidi ya hapo huungua.

Mimina mililita 300 za maji ya maharage, kwangua tena, kisha weka tomato sosi, shira, sukari, haradali, sosi ya Worcestershire na nusu ya siki. Ongeza mililita 900 nyingine za maji ya maharage. Ichemke polepole dakika 10. Onja. Mchuzi peke yake unatakiwa uwe umekolea kupita kiasi, mtamu zaidi na mkali zaidi ya unavyotaka, kwani maharage yatakunywa nusu ya nguvu hiyo. Ukiwa mzuri wa kunywa kwa kijiko sasa hivi, maharage yatatoka yamepooza.

Sasa suala la chumvi. Bekoni, soseji, haradali na Worcestershire zote zina chumvi, na maharage yalilowekwa ndani yake. Rudisha nyama zote, changanya na maharage kwa kugeuza kutoka chini kwenda juu bila kuyaponda, subiri dakika 5, ndipo uonje na kuongeza. Ukitumia mchanganyiko wa viungo vya Kikajuni wa dukani badala ya viungo vyako, soma lebo: mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza kuandikwa, na vijiko 3 vinatosha kuharibu sufuria nzima.

Kuoka

Mimina kwenye trei moja kubwa ya sentimita 53 kwa 33 yenye kina cha 6.5, au mbili za nusu ya ukubwa huo. Kina cha maharage kiwe sentimita 4 hadi 5. Kikipungua, kingo zinakauka kabla katikati hapajashika. Mchuzi ufunike maharage kwa karibu sentimita 1; utaonekana mwepesi mno, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa wanga utaufanya mzito ndani ya oveni, na zaidi ukipoa.

Bekoni iliyobaki ikaange kidogo, dakika 3, iwe imeanza kutoa mafuta lakini bado inakunjika, kisha ipange juu. Ikiwekwa mbichi kabisa, upande wa chini hubaki mweupe na wenye utelezi.

Funika kwa foili, weka kwenye oveni ya nyuzi 160 za Selsiasi kwa saa 1. Ondoa foili, endelea dakika 45 hadi 60 bila kukoroga, mpaka uso uwe umeng'aa na kukolea rangi, na mchuzi unabubujika taratibu katikati, siyo kingoni tu. Trei mbili kwa wakati mmoja huongeza dakika 20 hivi, na zinapaswa kubadilishana nafasi katikati ya muda. Zikitoka, zinyunyizie siki iliyobaki na uziache dakika 20 kabla ya kupakua. Siki ya mwisho ndiyo inayokata uzito wa mafuta na shira, usiiruke. Chupa ya Tabasco, inayotengenezwa Avery Island huko Louisiana tangu 1868, iwekwe mezani kwa wanaotaka ukali zaidi, kwani ni rahisi kuongeza pilipili na haiwezekani kuitoa.

Kupika siku moja kabla

Maharage haya huwa matamu zaidi siku ya pili, mradi yapoozwe vizuri. Trei nzito iliyojaa hupoa polepole sana katikati, na huko ndiko bakteria huzaliana. Gawa kwenye vyombo vifupi visivyozidi kina cha sentimita 5, yashuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Usiyalaze kwenye trei ya foili: nyanya na siki hula alumini, na kesho yake kuna ladha ya chuma na vitobo vidogo kwenye kifuniko.

Kuyapasha, ongeza mililita 200 hadi 300 za maji ya maharage, funika, oveni nyuzi 165, saa 1 na zaidi kwa trei iliyotoka kwenye friji. Koroga mara moja katikati ya muda. Kipimajoto kisome nyuzi 74 pale katikati. Mezani yakae juu ya nyuzi 60. Bila kifaa cha kuyaweka moto, mwisho ni saa 2, na nje kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 ni saa 1.

Ukitaka kupika mara mbili ya kiasi hiki

Maharage, nyama na mboga viongeze mara mbili. Kayeni iongeze mara moja na nusu kwanza, uonje. Maji ya maharage pia yaongeze mara moja na nusu tu, kwa sababu sufuria kubwa haipotezi mvuke mara mbili zaidi. Nyama kaanga kwa mafungu mengi zaidi, au tumia sufuria mbili. Kilo moja na nusu ya nyama ya kusaga kwenye sufuria moja itachemka kwenye maji yake mwenyewe na ukoko hautapatikana.

Yakitoka mepesi mno, chota kikombe cha maharage, yaponde, yarudishe na uoke dakika 15 zaidi bila foili. Yakiwa mazito mno, ongeza maji ya maharage ya moto, siyo ya baridi, kidogo kidogo pembeni mwa trei. Yakizidi utamu, haradali kijiko kimoja cha chakula na siki kidogo husaidia kuliko chumvi. Yakizidi chumvi, dawa pekee inayofanya kazi ni kuongeza maharage yaliyochemshwa bila chumvi, hivyo ni busara kuweka akiba ya vikombe viwili mpaka uonje mara ya mwisho.